Shajara ya mradi: hadithi ya mpakani, sura kwa sura

Januari, kabla ya kutoa chochote

Ninaandika hadithi ndefu ya Kiswahili. Inamhusu Nabwire, mama anayevusha sukari na mukene (dagaa wa ziwani) katika mpaka wa Busia, kati ya Uganda na Kenya, na mwanawe Wandera, ambaye miguu haimbebi lakini ana baiskeli ya magurudumu matatu anayoiendesha kwa mikono na kuipakia magunia nyuma. Waliokaa Busia wanaijua kazi hiyo na wanajua kwa nini wenye baiskeli hizo hupewa mizigo ya watu: watu wa ushuru mara nyingi huwalegezea. Rasimu ya kwanza imekamilika isipokuwa mwisho wake. Mpango ni kuitoa yote mtandaoni kuanzia Februari na kuifikisha mwisho karibu na tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani.

Kazi yangu ya mchana ni stesheneri. Natoa fotokopi, nataipu mikataba ya viwanja, barua za kuomba kazi na mitihani ya shule. Kompyuta ipo, printa ipo, umeme unakuja na kuondoka. Hakuna aliyewahi kuchapisha hata ukurasa mmoja wangu.

Kwa nini nisisubiri mchapishaji? Kwa sababu katika maduka ya vitabu ninayoyafahamu, Kiswahili kinakaa kwenye rafu ya vitabu vya shule. Kitabu cha mtu mzima kusoma jioni akiwa amenyoosha miguu sijakiona hapo. Katiba yetu ya Uganda ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hayo ni mazuri. Lakini wasomaji wangu wapo tayari, hawakusubiri uamuzi wowote: madereva wa malori wanaolala hapa wakingoja karatasi zao, wanawake wa sokoni, askari waliostaafu, Wanubi wa Bombo na Arua, Wakongo wa kambi za wakimbizi za Nakivale na Kyaka. Wote hao wana simu, na nataka kuwafikia huko kwenye simu.

Januari, wiki ya mwisho: niitoe wapi?

Nimelifikiria hili kuliko nilivyofikiria jina la hadithi.

Facebook nimeiacha. Imefungwa Uganda tangu Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na anayetaka kuingia lazima awashe VPN, programu ya kupenya kizuizi. Vijana wengi wanafanya hivyo bila kuwaza. Mama wa sokoni hawezi kuambiwa asome hadithi yangu kwa kuanza na VPN.

WhatsApp ndiyo kila mtu anayo. Kundi linabeba hadi watu 1,024, wengi mno kwa mwandishi anayeanza, kwa hiyo ukubwa haunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba ujumbe uliokwisha kutumwa unaweza kuurekebisha kwa dakika 15 tu. Baada ya hapo kosa la jina au tarehe linabaki hapo kwa kila mtu. Stetasi nayo inapotea baada ya saa 24, kwa hiyo inafaa kwa tangazo, haifai kwa sura.

Wattpad, mtandao wa kutolea na kusomea hadithi, ni nzito kidogo kwa bando, lakini ina mambo mawili ninayoyataka sana. Msomaji anaweza kuweka maoni kwenye aya yenyewe, si chini ya hadithi yote. Na kila sura inaonyesha imesomwa mara ngapi, kwa hiyo naweza kuona wasomaji wamepungulia wapi. Isitoshe, naruhusiwa kurekebisha sura wakati wowote.

Uamuzi: kundi la WhatsApp kwa watu wa karibu, Wattpad kama ghala la sura zote. Sura inatoka kwenye kundi kwanza, naisahihisha kwa siku mbili tatu, kisha inapanda Wattpad.

Februari: sura ya kwanza

Imetoka saa tatu usiku. Nimechagua saa hiyo kwa sababu soko limefungwa, malori yameegeshwa, na watu wako na simu mkononi.

Maoni yamekuja haraka. "Kazi nzuri dada." "Hongera sana." "Mungu akuinue." Mikono ya kupiga makofi, mioto, mioyo. Nimefurahi kweli, na ninayeandika haya sioni aibu kusema kwamba nimelala nikitabasamu. Mtu anayeanza anahitaji furaha hiyo ili kesho akae tena mezani.

Lakini asubuhi nilipofungua faili la sura ya pili nikagundua kwamba maoni yote yale hayanisaidii kuandika sentensi moja. Sijui kilichowapendeza. Sijui hata kama wamesoma hadi mwisho.

Februari, siku chache baadaye: Hajati

Hajati anauza vitenge jirani na duka langu. Alikuja kutoa fotokopi ya kitambulisho, akaweka simu yake juu ya kaunta na kusema, "Mwanangu, hadithi yako nimeisoma."

Nikamshukuru. Kisha nikamuuliza swali ambalo sikuwa nimemuuliza mtu yeyote kabla: "Hajati, uliachia wapi?"

Hakushangaa. Akafungua simu, kioo kimepasuka pembeni, akateremsha kwa kidole gumba polepole, akapita aya ya kwanza, akapita ya pili, akasimama. "Hapa. Hapa aliniita mteja nikaenda kumpimia kitambaa."

"Na uliporudi?"

"Sikurudi."

Wateja wanamwita Hajati kutwa nzima. Nimemwona akikatishwa katikati ya simu ya mwanawe aliye Dubai na akairudia simu hiyo mara tu mteja alipogeuka. Kwa hiyo mteja hakuniharibia kitu. Aya yangu haikumpa sababu ya kurudi. Nilisoma alipoweka kidole. Ilikuwa hivi:

"Mji wa Busia ni mji wenye shughuli nyingi uliopo katika mpaka wa Uganda na Kenya. Watu wa makabila mbalimbali huishi humo wakijishughulisha na biashara za aina tofauti tofauti, zikiwemo za nafaka, samaki na nguo."

Hajati anaishi Busia. Nilikuwa namweleza mtaa wake mwenyewe kwa sauti ya kitabu cha jiografia cha darasa la tano.

Usiku huo nimeiondoa aya yote na kuweka hii:

"Askari aliweka kiatu juu ya gunia. 'Hii sukari ya nani?' Nabwire akajibu kabla mwanawe hajafungua mdomo: 'Ya chai yangu, afande.' Magunia yalikuwa manne."

Mji umo humo humo. Mpaka umo, biashara imo, hofu imo, na msomaji anataka kujua askari atasema nini.

Tangu leo swali la mradi huu ni moja: uliachia wapi? Siwaulizi watu kama wamependa. Mswahili ana adabu, ukimuuliza kama amependa atakwambia amependa, na hasa kama anakujua na kesho atakuja kwako kutoa fotokopi. Ukimuuliza aliachia wapi, anaweka kidole tu, na wala haoni kwamba amekukosoa.

Machi: urefu wa sura

Sura zangu za mwanzo zilikuwa ndefu, maneno elfu tatu na zaidi. Kwenye WhatsApp ujumbe mrefu unakatwa na kuwekewa "Soma zaidi", na msomaji lazima abonyeze ili uendelee. Kila kubonyeza ni mlango, na mlangoni watu hugeuka.

Nilijaribu kutuma PDF. Inapendeza ukiwa na kompyuta. Kwenye simu ndogo herufi zinakuwa za kuvuta na kupanua kwa vidole, na baadhi ya wasomaji hawafungui kabisa kwa kuogopa itakula bando. Hofu hiyo ina historia. Kuanzia Julai 2018 tulilipa shilingi 200 kwa siku ili kuruhusiwa tu kuingia kwenye mitandao ya kijamii, na kodi hiyo ilipoondolewa mwaka 2021 ikaja ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Watu wa huku wanahesabu data kama wanavyohesabu mkaa. Maandishi matupu hayali kitu, na hilo ni jambo zuri kwetu sisi waandishi: hadithi ndiyo burudani nyepesi kuliko zote kwenye simu. Video ya dakika chache inakula kuliko riwaya nzima.

Uamuzi: maneno mia nane hadi elfu moja kwa sura, maandishi matupu, Jumanne na Ijumaa. Sura moja ya zamani imezaa tatu. Nimelazimika kutafuta kitu cha kutokea mwishoni mwa kila kipande ili neno "itaendelea" liwe na kazi, na kwa kutafuta huko nimegundua kurasa nyingi ambamo hakuna kilichokuwa kikitokea.

Machi, mwisho wa mwezi: Kiswahili cha nani?

Kundi limekua bila mimi kuita mtu. Dereva mmoja wa Tanga aliyekuwa anangoja karatasi akachapisha nyaraka kwangu, akauliza hadithi inayozungumzwa ni ipi, nikamwingiza. Kijana wa Nakivale ameletwa na shangazi yake anayeuza sokoni hapa. Afande mstaafu anayekaa njia ya kwenda Tororo ameingia kwa mwaliko wa mtu nisiyemjua.

Sasa kila mmoja anasahihisha Kiswahili. Dereva: "Dada, huyu askari anaongea kama hajasoma." Afande akamjibu papo hapo kwamba askari huongea hivyo hivyo, na kwamba yeye ameongea hivyo kambini maisha yake yote ya kazi na amri zikafuatwa. Kijana wa Nakivale, ambaye huniita yaya kwa maana ya dada mkubwa, akaandika, "Yaya, mama Mukongomani hapa kwa sura ya nne hasemi vile. Nikuambie vile anasema?" Akaniambia, kwa ujumbe wa sauti, huku watoto wanapiga kelele nyuma yake. Mama yule wa sura ya nne akawa hai kwa mara ya kwanza.

Nimeamua hivi: msimulizi anasimulia kwa Kiswahili sanifu, wahusika wanaongea kama wanavyoongea. Askari anasema, "Wewe, simama hapo! Nini iko kwa gunia?" na sitamsahihisha. Mwandishi wa Uganda akiwasafisha watu wake wote waongee kama taarifa ya habari, atakuwa ameandika kuhusu mpaka ambao haupo. Dereva hakukubaliana nami. Anaendelea kusoma, na anaendelea kulalamika kila Ijumaa, na nampenda kwa yote mawili.

Aprili: sura yangu kwenye kundi la watu wengine

Mteja alinionyesha sura ya tatu ikiwa kwenye kundi la watu wa kanisa fulani, neno kwa neno, bila jina langu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ilikuwa na maoni mengi kuliko kwangu.

Nimesoma sheria. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda kazi tangu inapoandikwa na mtu mwenyewe, iwe kwenye karatasi au kwenye kompyuta. Kusajili kazi kwenye URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ni hiari, kunasaidia kuthibitisha, lakini haki haianzii hapo. Ulinzi unadumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo hadithi ni yangu hata kama sijaipigia muhuri popote.

Nikamwandikia admini wa kundi kwa upole. Kumbe naye alitumiwa hivyo hivyo, jina limeshaondolewa na mtu njiani. Akaandika jina langu na kuwaelekeza watu kwangu. Kundi letu liliongezeka usiku ule.

Hatua nilizochukua: jina langu na namba ya sura sasa viko juu, na tena katikati ya sura kwenye mstari wake, kwa sababu anayekata kichwa mara nyingi hasomi hadi katikati. Rasimu zote nazitunza zikiwa na tarehe zake, na nakala moja ninajitumia kwa barua pepe. Zaidi ya hapo sitapoteza usingizi. Anayeandika mtandaoni akiogopa wizi kupita kiasi atabaki na hadithi kwenye droo.

Aprili, tena: namba ya simu

Jambo hili nawaandikia hasa wanawake. Kwenye kundi la WhatsApp kila mtu anaona namba ya kila mtu. Nikaanza kupigiwa usiku wa manane na wanaume wanaosema wanataka "kujadili hadithi". Mmoja alifika dukani.

Nimefungua chaneli ya WhatsApp. Humo wafuasi hawaoni namba yangu wala hawaonani wao kwa wao. Sura zote sasa zinatoka kwenye chaneli. Kundi nimelipunguza likawa la wasomaji wachache ninaowafahamu, wale wanaoniambia walipoachia. Laini ya hadithi nimeitenga na laini ya biashara. Kama ningeanza leo, ningeanza na laini mbili.

Mei: askari, rushwa na sheria

Sura ya tisa ina afisa anayechukua pesa ili gunia lipite. Watu wawili ninaowaheshimu wamenishauri niiondoe.

Si ushauri wa woga wa bure. Agosti 2019 Stella Nyanzi, mtafiti na mshairi, alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa sababu ya shairi aliloliweka Facebook kumhusu Rais. Alitoka Februari 2020. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 2011 ilifanyiwa marekebisho 2022 na kuongezewa makosa mapya, na ingawa mnamo Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu chake cha 25, kile cha mawasiliano ya kuudhi, mtu anayeandika Uganda anajua kwamba neno lililotoka kwenye simu linaweza kurudi na pingu.

Nimekaa nayo siku kadhaa. Afisa wangu hana jina, hana cheo kinachotambulika, na zamu yake haifanani na ya mtu yeyote ninayemjua. Hilo nimelihakikisha mstari kwa mstari, kwa sababu mpakani watu hutafutana ndani ya hadithi, na sina haki ya kumvunjia mtu heshima kwa jambo nililolitunga. Rushwa yenyewe imebaki. Nabwire anaikunja noti ya elfu tano, anaiweka ndani ya kitambulisho, anakitoa kitambulisho kwa mikono miwili kama binti mwenye adabu. Mama yeyote anayevuka pale anaijua heshima hiyo na gharama yake. Nikiitoa sura ya tisa, hadithi nzima inakuwa ya uongo.

Afande mstaafu ameisoma. Alinyamaza hadi kesho yake mchana, kisha akaandika, "Binti yangu, mimi sijaachia mahali."

Mei, mwisho wa mwezi: namba za Wattpad zinasema nini

Sura ya kwanza hadi ya tano wasomaji wanapungua kidogo kidogo, kama inavyotegemewa. Kati ya ya tano na ya sita wanaporomoka. Karibu nusu hawakuvuka. Kisha kutoka ya sita kuendelea, waliovuka wanabaki wote.

Sura ya sita ni historia ya mume wa Nabwire: alikotoka, walivyokutana, alivyopotelea Ziwa Viktoria upande wa Majanji. Nilikuwa naipenda kuliko zote. Niliwauliza wasomaji wangu wachache. Kijana wa Nakivale ndiye aliyeliona tatizo: mwisho wa sura ya tano Wandera ameshikwa na kupelekwa kituoni. "Yaya, mutoto iko ndani na wewe unaniletea arusi ya miaka kumi yenye imepita."

Nimeihamisha. Sasa sehemu ya harusi iko baada ya Wandera kuachiwa, usiku, mama anapomkanda mabega kwa mafuta ya moto na kijana anauliza kwa mara ya kwanza baba alikufaje. Maneno ni yale yale karibu yote. Hajati, aliyeirudia hadithi tangu nilipoandika upya mwanzo, aliisoma sehemu hiyo kwenye kiti cha duka langu huku wateja wake wakimwita, na hakuinuka.

Kuna chama cha waandishi wanawake Kampala, Femrite, kilichoanzishwa miaka ya 1990, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa na mikutano ya Jumatatu jioni: mtu anasoma kazi yake na wenzake wanaichambua mbele yake. Kutoka Busia hadi Kampala kwenda na kurudi kila Jumatatu ni nauli ambayo stesheneri haitoi. Nauchukua mfano wao. Kundi langu dogo sasa lina jioni yake, Jumapili, kwa ujumbe wa sauti. Mimi siruhusiwi kujitetea hadi wote wamalize. Kanuni hiyo niliiweka mwenyewe na ni ngumu kuifuata.

Juni: nisichokitoa

Nina hadithi fupi nyingine, ya mbadilisha fedha na noti moja chakavu. Watu wa kundi wanaijua kwa jina na wananiomba niitoe. Sitaitoa.

Mashindano mengi yanataka kazi ambayo haijachapishwa popote, na mengine yanahesabu mtandao kuwa ni kuchapishwa. Ukishaitoa, umechagua. Tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola haina ada, inapokea Kiswahili pamoja na lugha nyingine kadhaa, na inataka maneno 2,000 hadi 5,000. Mwaka 2014 ilichukuliwa na Mganda mwenzetu, Jennifer Nansubuga Makumbi, kwa hadithi ya Kiingereza. Kwa miswada mirefu ya Kiswahili kuna tuzo iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na baadaye kuitwa Safal-Cornell, nayo imekuwa ikikubali miswada isiyochapishwa. Kabla ya kutuma chochote nasoma masharti ya mwaka huo huo, si ya mwaka jana, kwa sababu hubadilika.

Kwa hiyo ninagawa kazi zangu tangu mwanzo. Hadithi ya Nabwire ni ya mtandaoni, ya kujifunzia mbele za watu. Ya noti chakavu inakaa ndani, ikisubiri mashindano.

Juni, wiki ya tatu: pesa

Dereva wa Tanga ananiambia niuze. Waandishi wengi wa kwao wanafanya hivyo: sura za mwanzo bure, kisha msomaji anatuma pesa kwa simu na kuletewa zilizobaki. Ni njia nzuri na ninaiheshimu, imewalisha watu na imeweka hadithi za Kiswahili mikononi mwa maelfu ambao duka la vitabu haliwafikii.

Kwa hadithi hii nimekataa. Ninahitaji bado watu waniambie walipoachia. Aliyelipa akichoka hukaa kimya, anajiambia ni hasara yake, halafu harudi mara ya pili. Hadithi ijayo nitaiuza, na nitajua thamani ya kila sura kabla ya kuitajia bei.

Julai: mwisho

Sura ya mwisho imetoka Jumanne, kabla ya tarehe 7. Wandera anavuka mpaka na mzigo wake mwenyewe, ulioandikwa jina lake, ushuru umelipwa, na anapita katikati ya barabara badala ya njia za panya.

Kundi limegawanyika. Afande anasema ndivyo inavyotakiwa. Hajati anasema ushuru ule Wandera asingeweza kuulipa kwa faida ya magunia manne, na akanipigia hesabu kwenye kikokotoo changu cha dukani: bei ya sukari upande wa pili, kubadilisha fedha, mpakiaji, ushuru, kilichobaki. Kilichobaki hakimnunulii hata tyubu ya gurudumu. Kijana wa Nakivale amesema yeye aliachia kwenye mstari wa tatu kutoka mwisho, pale Wandera anapotabasamu, kwa sababu "hajatabasamu hadithi nzima, sasa nani amemufundisha?"

Hesabu ya Hajati ni sahihi. Nimeirudia mara nyingi. Kwenye chaneli nimeandika kwamba sura ya mwisho itatoka tena Ijumaa ya wiki ijayo, ikiwa na mwisho mwingine, na nimewaeleza wasomaji sababu bila kuficha: Wandera atapita katikati ya barabara, lakini mzigo utakuwa wa watu saba waliochanga, na sehemu kubwa ya sura itakuwa kikao chao cha kuchanga, ambacho sijakiandika bado. Hajati amekubali kukaa nami Jumapili anieleze vikao vya namna hiyo huendeshwaje, nani anashika daftari, na nini hutokea mmoja asipoleta zamu yake.

Tabasamu nimelifuta.